Namna ya Kuwa Mwandishi Anayengojewa na Wasomaji Wake: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu kosa lilelile limekuwa likirudi katika rasimu nyingi ninazoletewa kuzisoma. Lugha ya mwandishi ni safi, aya zimepangika, tahajia haina dosari, na bado msomaji huiacha kazi katikati bila kukumbuka hata jina lililoandikwa juu yake. Mwandishi hujilaumu kwamba hana kipaji. Mara nyingi kipaji anacho. Alichokosa ni msomaji. Aliandika kuhusu jambo, hakumwandikia mtu.

Hapa hatutazungumzia umaarufu, ambao ni kitu kingine kabisa. Mwandishi maarufu hujulikana na wengi, ilhali mwandishi mwenye maana kwa wasomaji wake ni yule ambaye akinyamaza kwa mwezi mmoja, watu huuliza yuko wapi. Lengo letu ni dogo na linapimika: kuandika kazi moja ya maneno kati ya 800 na 1,500, ambayo mtu asiye ndugu yako wala rafiki yako ataisoma hadi mwisho, ataitumia, na atataka nyingine. Tenga wiki mbili.

## Vifaa vinavyohitajika

- Daftari moja na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kazi zako tatu za zamani, hasa zile zilizopuuzwa.
- Kinasa sauti. Simu yoyote inatosha.
- Saa.
- Watu watano: wawili wa kuwahoji kabla ya kuandika, na watatu wa kuisoma rasimu. Mwenzi wako, wazazi wako na rafiki anayekusifu kila siku wasihesabiwe.
- Nakala tatu za rasimu zilizochapwa kwenye karatasi, ambazo utazihitaji katika hatua ya 7.

Kamusi ya methali na misemo haimo katika orodha hii kwa makusudi. Wengi huikimbilia ili kuipamba kazi ambayo bado haina cha kusema, na pambo hilo ndilo la kwanza kurukwa na msomaji.

## Hatua ya 1: Mchague msomaji mmoja mwenye shida moja

Andika katika daftari sentensi hii, kisha ujaze nafasi zake: «Mtu fulani anataka …, lakini anakwama kwa sababu …, na akishindwa, atapoteza …»

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu: «Binti anayemhudumia baba yake aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi anataka kumgeuza kitandani usiku bila kumwumiza, lakini anakwama kwa sababu yuko peke yake na baba ni mzito kuliko yeye, na akishindwa, baba atapata vidonda vya kulala sana na yeye mwenyewe ataumia mgongo.»

Sababu. Msomaji mmoja hukuamulia mambo. Ukimfikiria binti huyu, unajua mara moja kwamba historia ya utafiti wa kiharusi haimfai saa nane za usiku, na kwamba mahali pa kuweka mto panamfaa. «Wasomaji wote» hawakuamulii lolote, kwa hiyo ukiwaandikia hao unalazimika kuweka kila kitu, na kila kitu hakisomeki. Usiogope kwamba wengine watajiona wametengwa. Mtu ambaye hajawahi kumhudumia mgonjwa husoma habari za goti, mto na godoro kwa makini kuliko anavyosoma aya tatu za jumla kuhusu upendo wa familia.

Mwandishi wa hadithi naye afanye vivyo hivyo, ila shida ya msomaji wake huenda isiwe kazi ya mikono. Inaweza kuwa ni jambo ambalo msomaji amelihisi kwa miaka mingi na hajapata kulisikia likitamkwa.

Onyo. Usimweleze msomaji wako kwa umri, kipato na kiwango cha elimu. Maelezo hayo humsaidia mwenye bidhaa anayetafuta wateja. Hayakuambii ni nini kinamkosesha mtu usingizi.

Dalili ya kufaulu. Ukimsomea mwenzako sentensi yako, anamtaja mtu anayemfahamu aliye katika hali hiyo.

## Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kuandika

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watafute watu wawili wanaofanana na msomaji uliyemchagua, uwaombe ruhusa ya kuwarekodi, na uwaulize maswali matatu tu:

1. Mara ya mwisho jambo hili lilipokushinda, ilikuwaje?
2. Ulijaribu nini kwanza, na kwa nini hakikufaa?
3. Ulipotafuta msaada, ulitumia maneno gani?

Maswali haya yote yanahusu yaliyokwisha kutokea, na hilo si bahati. Ukimwuliza mtu angependa kusoma nini, atakujibu kwa adabu, atataja mambo mazito yanayomfanya aonekane mtu wa maana, na kesho yake hatayasoma. Ukimwuliza kuhusu usiku wa juzi, atakupa ukweli kwa sababu bado unamuuma.

Sikiliza rekodi upya na uandike maneno yake kama yalivyotoka. Huenda wewe ulikuwa unaita jambo hilo «utunzaji wa mgonjwa asiyejiweza», naye katika dakika ishirini zote hakutamka maneno hayo hata mara moja. Alisema, «Naogopa kumdondosha.» Maneno hayo mawili yana thamani kuliko kichwa chochote ambacho ungekibuni mezani pako, na yanapaswa kuonekana katika kichwa cha kazi au katika sentensi zake za mwanzo.

Onyo. Uliyoambiwa ni amana. Chukua namna mtu anavyosema na shida anayoieleza; jina lake, mahali anapoishi na siri za nyumba yake ziache kwenye daftari.

Dalili ya kufaulu. Una angalau jambo moja ambalo hukulitarajia. Kama mahojiano yote mawili yamethibitisha tu uliyokuwa ukiyafikiri, basi ulizungumza sana na kusikiliza kidogo. Rudia.

## Hatua ya 3: Pima ulichonacho mkononi

Gawa ukurasa katika safu tatu: niliyoyatenda, niliyoyashuhudia, na niliyoyasoma au kuambiwa. Orodhesha kila unachokijua kuhusu shida hiyo. Safu ya tatu ni ya watu wote, maana yeyote mwenye muda anaweza kuijaza. Zile mbili za kwanza ni zako, na humo ndimo mna sababu ya msomaji kuja kwako badala ya kwenda kwa mwingine.

Sasa chukua kazi zako tatu za zamani. Kwa kalamu ya rangi moja, pigia mstari kila sentensi inayoonyesha jinsi ulivyo msomi, ulivyosafiri au ulivyoteseka. Kwa rangi ya pili, pigia mstari kila sentensi ambayo msomaji anaweza kuitumia, kuitambua ndani ya maisha yake, au kumsimulia mwenzake. Tazama ni rangi ipi imeenea. Zoezi hili huumiza, na mimi mwenyewe nililifanya mara ya kwanza nikaficha karatasi zile.

Aristotle, alipochambua kinachomfanya msemaji aaminiwe, alitaja mambo matatu: busara, uadilifu, na nia njema kwa wanaomsikiliza. Waandishi wengi hushughulikia la kwanza peke yake. Rangi ya pili ndiyo inayopima la tatu.

Kama safu zako mbili za kwanza ni tupu, una njia mbili za haki: badilisha mada, au nenda ukashinde siku kadhaa na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku. Njia ya tatu, yaani kuandika kana kwamba umeyafanya usiyoyafanya, hugunduliwa upesi na wale wanaoijua kazi, na hao ndio unaowataka. Sentensi kama «Hili nimelisoma, sijalijaribu» haipunguzi heshima yako hata kidogo.

## Hatua ya 4: Andika ahadi, na uiweke mwanzoni

Mwaka 1997 Jakob Nielsen na wenzake walichunguza namna watu wanavyosoma kurasa za intaneti, wakaona kwamba asilimia 79 ya waliochunguzwa walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Msomaji wako hana wajibu wa kukusubiri. Aya ya kwanza inapaswa kumwambia atapata nini, na ikiwezekana impe sehemu ya kitu hicho palepale.

Linganisha mianzo hii miwili ya kazi ya mfano wetu.

Wa kwanza: «Kiharusi ni ugonjwa ambao umeendelea kuathiri maisha ya watu wengi duniani, na familia zina wajibu mkubwa wa kuwahudumia wagonjwa wao kwa upendo na uvumilivu.»

Wa pili: «Unaweza kumgeuza peke yako mgonjwa mzito kuliko wewe. Kunja goti lake lililo mbali nawe, weka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, kisha umviringishe kuelekea upande wako. Usimvute kwa mkono uliopooza.»

Katika mwanzo wa kwanza hakuna kosa la sarufi wala uongo. Kinachokosekana ni mtu anayeuhitaji, kwa sababu binti wetu anayajua yote yaliyomo tangu siku baba yake alipoanguka. Mwanzo wa pili umempa kitu kabla hajaketi vizuri, na kwa hiyo ataamini kwamba vingine vinakuja.

Onyo. Usiahidi usichoweza kulipa. Kichwa kinachosema «siri ambayo hujaambiwa», halafu siri yenyewe ikawa ni kunywa maji ya kutosha, humpata msomaji mara moja na kumpoteza moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Andika rasimu kwa mkupuo mmoja

Weka saa kwa dakika 60, andika bila kurudi nyuma, na usisahihishe chochote. Ukikwama, washa kinasa sauti na umweleze binti yule kwa mdomo, kisha unukuu ulichosema. Ukimaliza, iache rasimu ilale kwa siku mbili. Hatua hii haihitaji maelezo zaidi ya hayo. Matatizo halisi yako mbele.

## Hatua ya 6: Uondoe wimbo ulio kichwani mwako

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga mdundo wa nyimbo zinazojulikana kwa vidole mezani, huku wengine wakisikiliza na kujaribu kuzitambua. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3 tu. Anayegonga husikia wimbo mzima kichwani mwake, maneno na ala zote. Anayesikiliza husikia vidole vikigonga ubao.

Rasimu yako iko hivyo hivyo. Wewe unaiona picha nzima nyuma ya kila sentensi, na huwezi kuamua kwa nia tu kwamba usiione. Njia inayofaa ni kuipitia rasimu mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mara ya kwanza, tafuta hatua zilizorukwa. Kila unapoona kitenzi cha kumwelekeza mtu, jiulize: kwa kutumia nini, kwa upande gani, kwa muda gani, na atajuaje kwamba amemaliza? «Mlaze vizuri» ni mdundo wa vidole. «Mlaze kwa ubavu, weka mto kati ya magoti yake, na mwingine nyuma ya mgongo ili asirudi chali» ni wimbo.

Mara ya pili, tafuta maneno ya ofisini. Kiswahili chetu cha maandishi kimebeba mizigo mingi iliyotoka kwenye hotuba na ripoti: «suala zima la», «ikumbukwe kwamba», «kwa namna moja ama nyingine», «katika kuhakikisha kwamba». Chukua sentensi hii: «Ni muhimu kuzingatia suala zima la ubadilishaji wa mkao wa mgonjwa mara kwa mara.» Maneno kumi na manne, na msomaji bado hajui afanye nini. Anachoshauriwa kwa kawaida mhudumu wa mgonjwa asiyeweza kujigeuza ni hiki: «Mgeuze kila baada ya saa mbili.» Maneno sita, na ndani yake mna saa ya kuamka. Ona pia kwamba kitenzi kimerudi mahali pake. «Ubadilishaji» hauna mikono, lakini «mgeuze» ina mtu anayefanya na mtu anayefanyiwa.

Mara ya tatu, soma kwa sauti. Mahali utakapokosa pumzi, sentensi ni ndefu mno au imefungwa vibaya. Sentensi ndefu si dhambi. Iliyopangwa vizuri hubeba msomaji kwa starehe. Sikio ndilo linalojua tofauti, jicho halijui.

Onyo. Wapo wanaoipokea hatua hii kwa bidii kupita kiasi hadi wakaanza kueleza mto ni nini. Ukiwa na shaka kama jambo linahitaji kuelezwa, liache jinsi lilivyo, kwa sababu hatua inayofuata itakujibu.

Dalili ya kufaulu. Rasimu imepungua maneno, lakini vitu vinavyoonekana, yaani viungo vya mwili, vyombo, saa na vipimo, vimeongezeka.

## Hatua ya 7: Ijaribu kazi kwa wasomaji watatu, mmoja baada ya mwingine

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha mwandishi anayengojewa na anayejisomea mwenyewe.

Mpe msomaji wa kwanza nakala ya karatasi na penseli. Mwombe aweke alama ya msalaba popote alipolazimika kurudia sentensi, na mstari popote ambapo, kama asingekuwa mbele yako, angeacha kusoma. Kisha kaa pembeni na unyamaze. Kunyamaza ni kazi ngumu. Kila utakapotaka kusema «hapo nilimaanisha…», funga mdomo na uandike katika daftari kile ulichotaka kukisema, maana hicho ndicho kinachokosekana katika rasimu. Hutaweza kumfuata kila msomaji nyumbani kwake ukamweleze ulichomaanisha.

Akimaliza, chukua karatasi na umwulize:

1. Nisimulie, bila kutazama, kazi hii inasema nini.
2. Kesho ungefanya nini tofauti na ulivyofanya jana?
3. Ni wapi hasa ulitaka kuacha?

Usimwulize kama ameipenda. Watu wetu ni waungwana na watasema ndiyo, na jibu hilo halina matumizi. Niliwahi kumpa mtu makala yangu, akaisifu kwa dakika nzima, kisha nilipomwomba anisimulie, akanieleza kinyume cha nilichokiandika. Kosa halikuwa lake: nilikuwa nimeanza na rai niliyokusudia kuipinga, na pingamizi lenyewe nikaliweka ukurasa wa tatu.

Sahihisha kabla ya kumwendea msomaji wa pili. Ukiwapa wote watatu rasimu ileile, watajikwaa kwenye jiwe lilelile, nawe utakuwa umetumia watu watatu kujua jambo moja. Zingatia pia kwamba mahali msomaji alipochoka na mahali palipomchosha hutofautiana. Mara nyingi kosa liko aya moja kabla ya mstari aliouchora.

Onyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ya jumla ipokee kwa shukrani, na usiiandike daftarini. Andika pale tu msomaji anapotaja sentensi fulani na kukueleza ilimfanya nini.

Dalili ya kufaulu. Wasomaji wawili kati ya watatu wanaisimulia ahadi yako kwa maneno yao wenyewe. Dalili kubwa kuliko hiyo ni mmoja wao kukuomba nakala ampelekee mtu mwingine. Hakuna anayejisumbua kubeba kazi ya mtu kwa adabu tu.

## Hatua ya 8: Itoe, kisha utoe nyingine kwa ratiba unayoiweza

Charles Dickens, tangu mwaka 1836, alitoa riwaya kwa mafungu ya kila mwezi, na baadaye nyingine za kila wiki, na wasomaji wakajua lini waanze kungoja. Kungoja hakuwezekani bila siku inayojulikana. Chagua muda ambao utauweza hata ukiugua wiki moja. Kazi moja kila mwezi kwa miaka miwili hujenga imani kuliko kazi kumi katika mwezi wa kwanza na ukimya baada yake.

Utakapokosea, na utakosea, andika sahihisho juu kabisa ya kazi yenyewe pamoja na tarehe, ukieleza nini kilikuwa na makosa. Kulifuta kosa kimyakimya humfanya aliyeliona ajiulize ni mangapi mengine yamefutwa.

## Hatua ya 9: Pima kwa vipimo vinavyofaa

Idadi ya waliofungua kazi yako hupima kichwa chake, tena kwa sekunde chache. Fungua ukurasa mpya katika daftari, na kwa muda wa mwezi mmoja urekodi watu wa aina tatu: walioeleza walichofanya baada ya kusoma, walioleta swali, na waliokusahihisha. Wa tatu usiwachukie, kwa sababu mtu hasahihishi kazi asiyoijali. Kama safu zote tatu ni tupu kwa kazi tatu mfululizo, rudi hatua ya 1 na ubadilishe msomaji, si mtindo.

Jambo moja huwashtua wanaofaulu. Wasomaji hawakungoji wewe mzima. Wanangoja kile walichokipata kwako, na huenda kisiwe unachokipenda zaidi. Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893 kwa sababu aliona anamzuia kuandika kazi alizoziona bora, wasomaji wakalalamika, na hatimaye, mwaka 1903, akamrudisha akiwa hai. Kama una mada mbili, moja yako na moja yao, zipe kila moja siku yake katika ratiba, wala usiwadanganye wasomaji kwa kuificha moja ndani ya nyingine.

Kisha pitia safu ya maswali. Swali lililoulizwa na watu wawili wasiofahamiana lihamishe kwenye ukurasa mtupu, na ulijaze katika sentensi ya hatua ya 1, kwa maneno yaleyale waliyoyatumia.